Darubini Aliyoiacha Mama Watoto

Mke wangu alikuwa mtu wa ndege. Mimi nilikuwa fundi baiskeli, mpaka magoti yalipogoma. Kila mwisho wa kiangazi, ndege wa mbali wanapopita, alitoka alfajiri na wenzake kwenda kwenye mabwawa ya majitaka nyuma ya kiwanda cha sabuni. Pananuka. Nilimuuliza, ndege gani mwenye akili zake atatua hapo? Akasema, kuna wadudu. Basi.

Mwaka huu hayupo tena duniani. Wenzake wakanipigia simu: njoo, shemeji. Nikaenda. Nadhani nilitaka kuona alichokuwa akikiona. Nikaitoa darubini yake ukutani alipoitundika mwenyewe, nikaivaa shingoni vile vile, bila kugusa kitu.

Mlinzi wa geti akanitazama, akaitazama darubini. "Mama yuko wapi leo?"

Nikasema hajaja. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Tukasimama kwenye tuta, kati ya bwawa na bwawa. Wenzake ni wawili tu. Nesi, aliyestaafu wodini lakini bado anaamrisha watu kama wagonjwa. Na Bonge, dereva wa lori wa zamani, mwembamba kama spoku ya baiskeli.

"Chamchanga," Nesi akanong'ona. "Pale matopeni, kushoto kwa bomba. Anatikisa mkia."

Nikainua darubini, nikafumba jicho la kushoto kama ninavyokagua gurudumu. Ukungu mtupu. Hata bomba sikuliona.

"Umemwona, shemeji?"

"Naona."

"Anafanya nini?"

"Katulia."

Bonge akacheka kwa pua. "Huyo hajatulia tangu aanguliwe. Unaangalia jiwe, bwana."

Nesi akaivuta darubini ikiwa bado shingoni mwangu, nikainama kama mbuzi kwenye kamba. Akashika pete ndogo iliyo chini ya jicho la kulia la darubini, akaizungusha.

"Ilikuwa imekaa kwa macho ya mkeo," akasema. "Jicho lake la kulia lilikuwa bovu. Haya, angalia sasa."

Nikaangalia. Ndege alikuwa karibu kama kikombe mezani. Tumbo jeupe, mgongo rangi ya tope. Mkia juu, chini, juu, chini, kama mtu aliyesahau jambo. Nikafurahi. Halafu ndipo yale maneno ya Nesi yakaniingia.

"Rudisha," nikasema.

"Nirudishe nini?"

"Pete. Ilipokuwa."

"Shemeji, si ulikuwa huoni kitu?"

"Rudisha tu."

Akazungusha, akasita. Akamgeukia Bonge. "Ilikuwa wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyeishika."

Akajaribu huku mimi nikiangalia. Ndege akawa doa. "Hapo?" Akazungusha zaidi. "Hapo?" Sikujua. Ule ukungu niliuona mara moja tu, tena bila kuutia maanani. Nani hukariri ukungu?

"Hapo," nikasema mwishowe, maana Nesi alikuwa ameanza kufuta macho.

Katika ufundi wangu sikuwahi kushusha kiti cha mteja kabla ya kuchora alama kwa msumari, ili kirudi pale pale alipokizoea mwenyewe. Hii ya mke wangu sikuichora.

Ndege wakaruka wote kwa pamoja, wenzangu wakainua darubini zao. Mimi yangu sikuiinua. Nilishika pete kwa kidole isizunguke, nikaishika hivyo mpaka nyumbani.

Sasa iko mezani, na msumari uko kando yake. Nikitaka kuchora, kwanza naangalia dirishani. Ukuta wa jirani ni ukungu. Sijui kama ni ukungu wake au ni wa Nesi.

Leo Nesi kapiga simu. Twende tena Jumamosi, ndege hawajaisha.

"Nitakuja," nikasema.

"Na darubini nikutengenezee uone, au niiache?"

Nikamwambia sijui.

"Basi njoo nayo hivyo hivyo, shemeji."