Panya Wekundu Walivyonipa Ubingwa

Mpaka leo kuna watu hawaamini kwamba nilipata ubingwa kwa sababu ya panya.

Kila mchana nikitoka maabara ya zahanati, nilikuwa napita duka la vifaa vya ofisi, nasimama mlangoni na soda yangu, natazama watu wa chumba cha nyuma wakicheza kadi za vita, zile zenye viumbe wa rangi mbalimbali wanaopiganishwa. Soda ikiisha, narudi kazini. Sikuwahi kukaa.

Siku hiyo mwenye duka, tunayemwita Mama Karatasi, akanishika mkono akanikalisha.

"Mlango wangu umechoka kukubeba, binti. Leo unacheza."

"Mama, sina kadi. Na zile nzuri bei yake inatisha."

"Nani kakutajia nzuri?"

Akamwaga mezani boksi zima la kadi za kawaida, zile ambazo wachezaji huzitupa wakifungua pakiti kutafuta kadi adimu. Wenyewe huziita makapi. Kumbe zina ligi yake: kadi adimu marufuku, na bingwa analiwakilisha duka kwenye mashindano ya mji.

Fundi simu wa kibanda cha jirani ndiye aliyenifundisha kuchagua. Mpole, haongei mpaka aulizwe.

"Usinunue pakiti, hiyo ni bahati nasibu. Shika rangi moja. Chagua wadogo wengi, wa haraka. Mpinzani asipate hata nafasi ya kupumua."

Nikaunda jeshi la panya wekundu.

"Dada wa maabara kaleta panya wake wa majaribio," wakanitania.

Nikacheka nao, lakini moyoni niliutaka ule ubingwa mpaka nikakosa usingizi.

Ligi ikaanza. Panya wakatafuna wapinzani mmoja baada ya mwingine mpaka fainali. Na nani? Na Fundi mwenyewe, bingwa wa msimu uliopita.

Ikafika zamu ambayo panya wangu walitosha kummaliza. Nikawasukuma mbele, kimya.

Fundi hakugusa kadi zake.

"Hujatamka," Mama Karatasi akanikumbusha. Sheria ya meza ile: shambulio lisilotamkwa halipo. Na zamu hiyo ikinipita, nimekwisha.

Mimi hata kwenye vikao vya kazi huandika swali langu nikampa jirani aulize.

"Nashambulia," nikanong'ona.

"Sijasikia," Fundi akasema taratibu.

"Nashambulia na panya wote."

Safari hii hata mteja aliyekuwa kaunta aligeuka. Chumba kikalipuka kwa vifijo. Fundi akaweka kadi zake chini, Mama Karatasi akazitupia jicho.

"Fundi, hii si kadi ya kuzuia? Ulikuwa nayo muda wote?"

Furaha yangu ikakatika pale pale.

"Kumbe umeniachia," nikamwambia. "Basi ubingwa wako kaa nao. Sitaki kuonewa huruma."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Wengi huniuliza waanzeje bila kufilisika. Nawajibu: anza na makapi, azima, shika rangi moja. Kadi zitakuja. Kilichokuwa ghali kwangu ni kufungua mdomo.

Ila kuna mwenzangu kilimgharimu zaidi. Siku ile Fundi alinifuata mpaka nje, jasho linamtoka.

"Sikukuachia. Nilisahau kama nina kadi ile. Ubingwa ni wako."

"Bingwa mzima unasahauje?"

"Nilikuwa nakutazama wewe. Mchezo wenyewe siupendi kiasi hicho. Nafunga kibanda kila mchana kwa sababu najua utasimama pale mlangoni. Nakupenda. Haya, nimesema."