Propela Iliyokufa Sauti

Juzi sokoni Yeoville mama mmoja alikuwa akichagua sufuria, akaigonga kwa kijiko: ngeee! Hasira ikanipanda pale pale, katikati ya watu. Leo mniache niseme yote, nimechoka kuibeba.

Baba yangu alitoka Kalemie, fundi wa injini za boti. Hapa Johannesburg alipata kazi kwa bwana mmoja mwenye boti za mashindano, na kazi yake hasa ilikuwa kuchagua propela, yale mapanga ya nyuma yanayosukuma boti. Jumamosi tulikwenda bwawani. Anafunga moja, boti inakimbia kati ya maboya mawili, anaifungua, anafunga nyingine. Mimi, binti wa miaka tisa, nilishika saa. Ilikuwepo moja ya chuma, inang'aa, mapanga yake yanauma maji vizuri mno. Ilizishinda zote kwa sekunde nne. Niliipenda utadhani nimeizaa mimi.

Wiki ya mashindano Baba alizitundika kwa kamba jikoni kwetu Troyeville, akazigonga kwa kijiko. Nyingine zililia ngeee, muda mrefu. Ile ya chuma ikatoa "ko", basi.

"Umesikia, mama?" akaniambia. "Hii imepasuka ndani. Ni ya kutupa."

Bosi aliigeuzageuza, hakuona ufa. "Wewe unaogopa mwendo tu," akamwambia Baba mbele ya vijana wake, nao wakaangua kicheko. Akaamuru ifungwe hiyo hiyo. Siku ya mashindano, kabla bosi hajafika, Baba aliizungushia koti lake, akaisukuma chini ya kiti cha bakkie, ile pikapu ya kazini, akaniwekea kidole mdomoni. Bosi alipofika akaambiwa imesahaulika nyumbani. Baba akafunga ya alumini, ile isiyo na mbio, akaenda kutafuta petroli.

Bosi akanijia. "Wewe ndiye mshika saa. Ya chuma iko wapi?"

Jamani, vile vicheko vilikuwa bado vinaniwasha masikioni. Nilitaka baba yangu ashinde, wale watu wafunge midomo yao. Nikanyoosha kidole kwenye bakkie. Akaichomoa, akalitupa koti chini, akaifunga kabla Baba hajarudi.

Mzunguko wa pili panga likakatika, boti ikaruka, ikapinduka. Dereva walimtoa anatapika maji, mzima. Bosi akapiga kelele kwamba fundi ndiye aliyefunga propela mbovu. Mshenzi yule! Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, nikimwona! Akamfukuza Baba pale pale, na mimi nikanyamaza. Baba akaliokota koti lake chini, akalikung'uta, akanishika mkono tukaenda kutafuta teksi.

Hakugusa injini tena. Alilinda magari ya watu Braamfontein mpaka magoti yakamkatalia, mtu aliyeweza kusikia ufa usioonekana! Yule bosi sitamsamehe. Lakini hasira nyingine ni yangu mwenyewe, mpumbavu mimi, niliyekua nikidhani Baba hajui nani alisema. Hakuwahi kuuliza, nami nikajiona mjanja.

Hadi juzi, mbele ya zile sufuria. Eish! Mahali ile propela ilipokuwa tulipajua wawili tu, mimi na Baba. Alijua tangu alipoliona koti lake chini, na afadhali angenichapa. Mle kwenye teksi nilianza kutetemeka kwa baridi, akalivua koti lile lile akanifunika nalo.