Kikohozi cha Mama Funguo

Jina la Mama Funguo lilitokana na kamba nyeusi aliyoivaa shingoni. Kambani palikuwa na ufunguo wa mlango wa stoo, ufunguo wa kabati la sahani, na mwingine mdogo ambao hata yeye alishasahau unafungua nini, ila kuutupa aliona dhambi. Alioga nazo, alilala nazo. Mume wake, fundi mwashi aliyestaafu kazi lakini ulimi wake haukustaafu, aliwaambia watu kwamba yeye kaoa mlango wa stoo.

Stoo ilikuwa ya kikundi cha majirani, na kazi ya kikundi ilikuwa vyombo: masufuria makubwa, sahani, viti vya plastiki, na turubai la bluu lenye viraka vingi kuliko turubai. Mwanachama akifikwa na harusi au msiba, vyombo vinakwenda kwake, na wenzake wanakwenda navyo kupika na kuosha. Ukilisimulia utaona ni jambo dogo. Subiri likufike.

Sasa, mikutano yao. Jambo likiletwa, watu wanatulia kama maji mtungini. Huyu anatazama kucha, yule anatazama dari. Kisha Mama Funguo anakohoa. Akikohoa mara moja, kifupi, mikono yote juu, limepita. Akikohoa kwa kuvuta, hakuna anayethubutu kuinua hata kidole, limekufa na kuzikwa. Sheria hiyo hakuna aliyeitunga, na ungemwuliza mwenyewe angekuapia kwamba wanachama wake wanaamua kwa hiari yao.

Shida ikaja kwenye goti. Daktari alisema lazima lipasuliwe, kisha akae kwa binti yake, mbali, mpaka atembee vizuri. Mama Funguo akasema goti litangoja. Mumewe alinung'unika, binti alilia kwenye simu, yeye anapanda ngazi za stoo kwa kushika ukuta.

Hakuwa mkaidi bure. Mama yake mzazi naye alikuwa na kikundi cha vyombo mtaani hapahapa, naye alikishika chote kiganjani. Siku alipofariki, hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Wakakaa waombolezaji na njaa zao mpaka watu wa ng'ambo ya barabara, wasiodaiwa lolote, walipoleta masufuria yao. Baada ya hapo kikundi kikafa, kila mtu akaondoka na sahani yake. Mama Funguo alikuwa akiogopa kuondoka akarudi kukuta stoo tupu. Ndilo lililomkosesha usingizi, si kisu cha daktari.

Mwaka huo akaja mshauri, dada mmoja wa shirika linalosaidia vikundi vidogo visimame vyenyewe. Alikaa mkutanoni akatazama, akakisikia kile kikohozi, akaiona mikono. Mwishoni akauliza, "Mwenyekiti akisafiri miezi kadhaa, hapa itakuwaje?"

Watu wakacheka. "Tutamsubiri," akajibu fundi cherehani, makamu wake, mwanamke mwenye sauti nyembamba kama uzi wake.

Mama Funguo naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Walipobaki wawili akamwambia mshauri, "Mwanangu, hawa nikiwaacha wataanguka."

"Huenda wakaanguka, mama. Ila afadhali waanguke ukiwa karibu."

Jibu hilo lilimuuma, na kwa sababu lilimuuma alijua lina ukweli. Wakakubaliana kwamba mkutano unaofuata fundi cherehani atauongoza, na Mama Funguo atakaa nje, chini ya dirisha, mdomo kaufunga.

Ajenda ilikuwa moja: je, vyombo viazimwe kwa watu wa ng'ambo ya barabara, wasio wanachama? Mama Funguo alilikataa jambo hilo miaka yote. Sufuria ikivuka barabara, alisema, haina macho ya kurudi. Akatega sikio. Ndani, fundi cherehani alieleza, akauliza maoni, akauliza tena. Kimya. Nje, jirani akaanza kufagia uwanja wake, vumbi likampanda Mama Funguo puani. Akajibana, akashika koo, akashindwa. Akakohoa mara moja, kifupi.

Mikono yote ikapanda.

"Hicho ni kikohozi cha vumbi!" akapaza sauti dirishani.

Mikono yote ikashuka. Mshauri akajifunika uso kwa karatasi zake, mabega yakimtetemeka, na Mama Funguo, badala ya kucheka, akaketi palepale chini akashika tama. Kumbe kweli. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, yeye kawafanya hivi kwa kuwapenda mno.

Tangu hapo alijitahidi. Mikutano ikiitishwa alibaki nyumbani, na mumewe akamlinda mlangoni kama mfungwa. Mshauri alikuja na kurudi. Aliwafundisha kupokezana kuongoza, na kumuuliza kwanza yule aliye kimya kabla ya msemaji. Stoo ikaongezewa kufuli ya pili, ufunguo wake kwa mwanachama mwingine. Waligombana sana miezi ile. Mara moja waligombania turubai mpaka harusi ikanyeshewa, bwana harusi akalowa chapachapa, na Mama Funguo aliposikia alivaa viatu vya kutokea, kisha akavivua.

Siku ya safari alimwita fundi cherehani, akaifungua kamba shingoni kwa mkono wake, akamkabidhi funguo. Ule ufunguo mdogo alibaki nao. "Huu niachieni," alisema, "nitachanganyikiwa."

Huko kwa binti yake, goti limefungwa bendeji, alipiga simu kila alipopata nafasi. Sahani mmezihesabu? Turubai limeanikwa? Siku moja fundi cherehani akamjibu, "Shikamoo mama, tuko kwenye kikao, nitakupigia," na simu ikakatika. Mama Funguo akaitazama simu. "Amenikatia," akamwambia binti yake. Binti akamwuliza kama amekasirika. Yeye akaomba chai.

Alirudi na fimbo na mafua ya safari. Stoo ilikuwa imejaa, viti vimepangwa kwa namna ambayo yeye asingevipanga, na akanyamaza. Mchana huohuo kulikuwa na mkutano: ng'ambo ya barabara kuna msiba, watu wameomba masufuria. Akapewa kiti cha pembeni. Alipoanza kusema, fundi cherehani akamwambia kwa heshima zote, "Mama, inua mkono, kuna waliotangulia."

Akainua mkono, akangoja zamu yake. Ilipofika akasema yale ya siku zote, kwamba yakivuka hayarudi. Bibi mmoja, ambaye zamani kazi yake mkutanoni ilikuwa kutazama dari, akaomba nafasi. "Dada, msiba wa mama yako tulipika kwenye masufuria ya nani?"

Mama Funguo akafungua mdomo ajibu. Badala yake mafua yakamkaba na akakohoa, kikohozi kirefu cha kuvuta, kile kilichozika mambo miaka yote. Akaziba mdomo, akawatazama kwa hofu.

Hakuna aliyegeuka. "Mpeni mama maji," alisema fundi cherehani. "Haya, wanaokubali?"

Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na wakati wake. Mama Funguo alishika glasi ya maji kwa mikono miwili na kuinywa polepole, machozi yakimtoka, na jirani yake akampigapiga mgongoni akidhani ni kikohozi.

Jioni mumewe alimkuta ameketi kitandani, ufunguo mdogo mkononi.

"Vipi huko?"

"Wamenishinda, mume wangu. Nimekohoa, wakanipa maji."

Mzee akasogea amfariji, kisha akamtazama vizuri. Mke wake alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashika goti.

"Sasa huo ufunguo?" akauliza.

"Kautupe," alisema Mama Funguo, na akalala mapema.