Chumba cha Mhandisi wa Unga

Mtaani walimwita Mhandisi wa Unga, naye hakulikataa jina hilo maana lilimkaa vizuri. Tangu alfajiri hadi saa tano alikuwa mwoka mikate. Kuanzia saa sita mchana, unga bado umemganda masikioni, alijifungia katika chumba cha nyuma cha nyumba yake akawa mtu mwingine kabisa. Humo mlikuwa na kompyuta nne ambazo wenyewe walikwisha kuzitupa, moja haina hata kifuniko, matumbo yote nje. Mlikuwa na ruta kuukuu, makopo ya skrubu, na nyaya zilizoning'inia ukutani kama tambi zinazokaushwa.

Usidhani ni takataka tu. Ile kompyuta isiyo na kifuniko ndiyo iliyotunza picha zote za familia, na mtu alizifungua kwa simu yake hata akiwa jikoni anamenya vitunguu. Kidude kingine, alichokilehemu kwa mkono wake mwenyewe, kilipiga kengele tangi la maji likijaa. Ni kweli kwamba wiki ya kwanza kilipiga kengele hata jirani akipiga chafya, lakini nani alizaliwa akijua kutembea?

Jumatatu moja mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alimwekea chai mezani kisha naye akaketi. Mwanamke huyo kuketi bila daftari za kusahihisha lilikuwa jambo zito, na mume alilijua hilo.

"Mama anahamia kwetu Jumamosi," mke akasema. "Hawezi kuendelea kukaa peke yake kule."

"Karibu sana mama. Hapa ni kwake."

"Atalala wapi?"

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu: chao, cha binti yao, na kile. Mhandisi akaitazama chai yake muda mrefu kuliko chai inavyohitaji kutazamwa.

"Chumba ni chake," akasema.

Alisema kwa moyo mmoja, maana mama mkwe ni mama. Lakini aligeuka kuutazama mlango wa chumba hicho. Kwa miaka kumi na mmoja chumba kile kilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemwambia mkate umeungua. Mke aliliona hilo, akamwachia rafu moja koridoni kwa ajili ya ruta na kile kisanduku cha matundu manane kinachogawa mtandao nyumba nzima. Vingine vyote stoo.

"Na hiyo rafu ikileta vurugu mbele ya mama," akaongeza, "nayo stoo."

Ijumaa akabeba, akapanga, akafagia. Jumamosi asubuhi alitoka kwenye tanuri la mikate mbio, akaanza kuchomeka nyaya koridoni huku mkewe akitandika shuka mpya kwenye kile kilichokuwa chumba cha mitambo. Saa nane kamili mama mkwe akashuka garini na sanduku moja na begi la vitambaa vya kufuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za hapa?"

"Njema. Pole na safari."

Hapo ndipo mazungumzo yao yalipoishia kila mara, tangu harusi. Mkwe na mama mkwe waliheshimiana mpaka wakakosa la kusema.

Sasa basi, kaka yake mke, anayefanya kazi nchi ya mbali, alikuwa ameomba nusu saa kazini ili amwone mama yake kwenye skrini akiingia nyumbani. Binti akafungua kompyuta ya sebuleni. Kimya. Akajaribu simu. Kimya.

"Baba, mtandao umekufa!"

Mhandisi akakimbilia koridoni. Akazima, akawasha. Akazima tena, akawasha. Vitaa vya kisanduku vilikuwa vinakonyeza vyote kwa pamoja, kama vimepandwa na mashetani. Akachomoa ruta, akaipuliza vumbi lisilokuwepo. Jasho likaanza kumtoka. Nyuma yake mke alikuwa amekunja mikono.

"Haraka haraka..." binti akaanza. Mama yake akamkata jicho, naye akaimeza methali iliyobaki.

Mama mkwe akasogea, akavaa miwani.

"Vinawaka hivi kila siku?"

"Hapana, mama. Kila siku vinawaka kwa zamu."

"Basi kuna mtu amechanganya." Akashika waya wa kwanza, akaufuata kwa kidole hadi ukutani. Akashika wa pili. Mhandisi alitaka kumzuia, lakini utamzuiaje mama mkwe? Waya wa tano, wa buluu, ulitoka kwenye kisanduku, ukapita nyuma ya rafu, ukazunguka msumari, ukarudi kwenye kisanduku kile kile.

"Huu unajipigia simu wenyewe, baba."

Mhandisi akaona. Ncha zote mbili alizichomeka yeye, siku ile ile, kwa pupa yake. Kila ujumbe uliotoka ulirudi, ukatoka tena, ukarudi, hadi njia nzima ikajaa kelele. Akachomoa ncha moja. Vitaa vikatulia. Sebuleni sauti ya kiume ikasikika, "Mama! Mbona umekonda?"

Wote walicheka, Mhandisi kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mama, umejuaje?" akauliza, skrini ilipozimwa.

"Nilikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali miaka ishirini na sita, nikiwaunganishia watu simu kwa waya. Laini mia mbili, na madaktari wote wakali."

Miaka yote hiyo yeye alidhani mama mkwe alikuwa nesi. Hakuwahi kuuliza. Aliona aibu, tena aibu tamu.

Mama mkwe akaenda kuona chumba chake. Akatazama shuka, pazia, halafu ukuta, uliojaa matundu ya misumari.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mjukuu akamwambia ukweli wote.

"Virudisheni," bibi akasema. "Mimi nitalala na mjukuu wangu."

"Lakini mama, tumekuandalia. Humu kuna utulivu," mke akasema.

"Utulivu nimeuacha kule, mwanangu. Umenitosha. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani mpaka nikaitoa betri."

Mke akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda mwenyewe kufungua stoo.

Jumapili mchana kompyuta zilikuwa mezani tena, na mama mkwe alikuwa kitini na mkasi, akikata vikaratasi, akiviandika majina na kuvigandisha kwenye kila waya. "Waya bila jina ni kesi," alisema. Kisha akaokota kibao kidogo cha kijani ambacho Mhandisi alikuwa bado anakilehemu, akakigeuza, akakiangalia chini na juu.

"Na hiki, baba, kinafanya nini?"

Watu walikwisha kumuuliza kitu hiki ni bei gani, na kitaondoka lini mezani. Hilo alilouliza mama mkwe hakuna aliyewahi kuliuliza. Akavuta kiti karibu naye, akaketi, akaanza kumweleza kwa furaha tangu mwanzo.