Safari ya Lusaka na Mdogo Wangu

Mkuu wa shule aliniita ofisini kwake akaniambia, "Mwalimu, jiandae. Utaenda Lusaka."

Wanafunzi wetu wa kidato cha sita walikuwa wamealikwa kutembelea chuo kikuu cha kule, na kwa kuwa kundi lilikuwa na wasichana, alitakiwa mwalimu mwanamke wa kuwaangalia. Mimi nilikuwa nafundisha jiografia madarasa ya chini. Sikuchaguliwa kwa ajili ya jiografia yangu. Nilichaguliwa kwa kuwa navaa gauni.

Mmoja wa wasichana hao alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki, yeye ndio kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo kikuu, Kampala. Baba aliuza nazi sokoni Kariakoo na alitoka nyumbani alfajiri.

"Nani atamwogesha huyu?" aliniuliza. Hakuniamuru, aliuliza tu. Nikajiunga na chuo cha ualimu hapahapa mjini, ili jioni nirudi kwenye chumba chetu cha Mchafukoge kubandika sufuria.

Majirani waliposikia habari za safari, walimiminika kumpongeza mdogo wangu. "Bibi msomi! Usitusahau!" Mimi niliyesimama pembeni na maandazi ya safari nikaambiwa, "Na wewe mwalimu, umfungie vizuri yasikauke."

Treni ilipoacha bonde la Mlimba na kuanza kupanda, tukaingia handaki moja baada ya jingine. Wenzake walikuwa wanaimba na kupigana vikumbo. Mdogo wangu alikaa nami dirishani, nikamweleza jinsi ardhi inavyoinuka ghafla kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, udongo unavyoporomoka mvua zikizidi, na kwa nini wajenzi waliona heri watoboe mlima kuliko kuuzunguka. Nilifurahi kweli siku ile. Ilikuwa kama darasa langu mwenyewe, lenye mwanafunzi mmoja.

Kule chuoni tuliingizwa kwenye ukumbi wenye viti vilivyopanda kama ngazi. Mhadhiri, mama wa makamo mwenye miwani, akawauliza wageni kwa Kiingereza: reli mliyokuja nayo, sehemu gani ilikuwa ngumu zaidi kujengwa, na kwa nini?

Mdogo wangu akasimama. Akasema yote, Mlimba, udongo, mahandaki, kwa mpangilio uleule niliompa, ila kwa sauti nzuri kuliko yangu.

"Safi sana," mhadhiri akasema. "Nani amekufundisha?"

"Dada yangu. Yule pale nyuma."

Vichwa vyote vikageuka. Mhadhiri akanitazama kwa heshima. "Na wewe dada, ulisoma chuo kikuu gani?"

"Sikusoma chuo kikuu."

"Aa," akasema. Akamgeukia tena mdogo wangu, akamuuliza angependa kusomea nini.

Laiti mdogo wangu angenisema vibaya, ningejua la kufanya. Lakini alinitaja kwa fahari, akanipa haki yangu mbele ya watu, na haki yenyewe ikageuka kuwa sifa yake.

Baadaye tulionyeshwa bweni. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda, meza, taa ya kusomea na rafu ya vitabu, vyote vya mtu mmoja. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti, akaweka viwiko mezani kama aliyezaliwa pale. Wengine walipotangulia nje, akanitazama.

"Dada, mbona umenuna?"

"Nimechoka."

"Hujachoka. Unanionea wivu."

Ningeweza kumkemea; mimi ndiye mkubwa. "Ndiyo," nikasema. "Tena sana."

Nilidhani atacheka. Macho yakamjaa machozi. "Sasa mimi nifanyeje, dada?"

"Usifanye kitu. Soma."

Tulirudi Dar tukizungumza mambo ya kawaida, foleni ya sukari, mguu wa baba uliokuwa ukimsumbua.

Mdogo wangu alipokwisha kutumikia jeshi la kujenga taifa na kufanya kazi kama ilivyotakiwa wakati ule, alipata nafasi ya chuo kikuu, Mlimani. Nilimshonea magauni mawili. Nilimpeleka mwenyewe kwa basi, nikamtandikia kitanda, nikarudi Mchafukoge nikiwa na hasira hata na kondakta.

Ndipo nikamwomba kitu kimoja: kila Jumamosi akija nyumbani, aje na vitabu vyake. Akawa anakuja navyo. Yeye alilala, akala, akatembelea mashoga zake. Mimi nilikaa kizingitini nikisoma, huku wapita njia wakinisalimu nisisikie. Mara nyingine nilimtangulia kurasa nyingi, nikamweleza yatakayofuata, akaandika maswali yangu ya kwenda kumuuliza mhadhiri wake.

Wivu haukuniisha. Ulitulia nilipokuwa nasoma, kisha Jumapili jioni, alipovikusanya vitabu na kuvitia kwenye kikapu, ukaanza upya.