Mshenga Anaomba Chuo

Shule niliiacha kidato cha tatu, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Mama yangu kule Mapera anasema niliacha. Mwalimu wangu wa hesabu, nikikutana naye Mbinga mjini, anacheka tu halafu ananinunulia soda, na mimi sijawahi kuuliza ile soda ni ya pole au ya shukrani.

Kwa hiyo nilipotangaza pale Mbamba Bay kwamba naomba kusoma shahada ya mahusiano ya kimataifa, watu walitaka kwanza kujua nimekunywa nini. Mimi ni fundi simu. Simu zangu nyingi ni za kuingia maji, maana huku mtu akiinama mtumbwini kuosha uso, simu inatangulia.

Na kweli ni simu ya maji iliyoniponza. Kijana mmoja mgeni aliileta, akakaa kwenye benchi kusubiri, akatoa kitabu kinene. Mimi nikiona mtu anasoma kitu nisichokijua, mkono unawasha.

"Kinahusu nini hicho?"

"Jinsi nchi zinavyosemezana," akasema.

"Zinasemezana kupitia nani?"

Akanieleza mambo ya mabalozi. Nikaendelea kupuliza maji kwenye spika, lakini akili haikuwa kwenye spika.

"Na zikikosana, nani anaanza kutoa salamu?"

Akafunga kitabu. "Swali zuri hilo. Nadhani tutalisoma mwaka wa pili."

Mwaka wa pili! Yaani jibu lipo, limefungiwa mahali, na kuna watu wanalipwa kulifundisha, mimi nipo hapa napuliza spika! Naishi kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake ni Malawi, na ukifuata ufuko kwenda kusini, ukaipita Chiwanda, unaingia Msumbiji. Wavuvi nimewauliza mara nyingi mpaka uko wapi humo majini. Kila mmoja ananyoosha kidole kwake, na hakuna vidole viwili vilivyowahi kukutana.

Nikapata chuo chenye njia ya watu wazima ambao hawakumaliza shule. Unaandika kabrasha la kazi ulizofanya maishani, unaambatanisha ushahidi, wakiridhika wanakuita usaili. Fomu nikaifungua kwenye simu ya mteja, maana yangu ilikuwa mbovu. Pengo la kwanza: masomo ya siasa uliyosoma. Nilisoma uraia miaka mitatu na ninachokumbuka ni nembo ya taifa, tena upande mmoja. Pengo la pili: uzoefu wa uongozi. Niliwahi kuwa monita wa darasa wiki moja, nikapinduliwa kwa sababu ya chaki.

Nikapiga simu chuoni. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya haraka.

"Kaka, hatutafuti mwanasiasa. Umewahi kupatanisha watu? Kuwakilisha upande mmoja kwa mwingine?"

"Mimi ni mshenga."

"Wa nini?"

"Wa ndoa. Nimepeleka posa tano. Moja ilivuka mpaka, Msumbiji."

"Hiyo ya Msumbiji ndiyo naitaka. Niletee barua ya mhusika, imesainiwa. Bila hiyo kabrasha lako ni hadithi tu. Una siku tisa."

Nikasema asante, nikakata. Katika ndoa zangu zote tano, hiyo ndiyo niliyokuwa naikimbia.

Nieleze kidogo. Mimi ni Mmatengo, nimeshuka ziwani kutafuta riziki. Wanyasa walinipenda kwa ushenga kwa sababu sina ukoo wowote pale wa kupendelea, na Kinyasa changu ni kibovu, kwa hiyo siwezi kutukana hata nikitaka. Kijana mmoja wa Chiwanda alimpenda binti wa upande wa Msumbiji, wazee wake wakanituma, nikaenda mara nne, ndoa ikafungwa. Nikala, nikacheza, nikadhani nimemaliza.

Kumbe kwa wale wazee mshenga hamalizi. Jambo lolote kubwa kati ya koo mbili linapita kwake, kwa mdomo, amekaa chini kwenye mkeka. Miaka miwili kabla ya hiyo fomu, baba wa yule binti alifariki. Ndugu zake wakanipigia simu niwafikishie wakwe. Mimi wakati huo niko Mapera, msimu wa kahawa, kikapu kiunoni. Nikasema sawa. Nikaandika meseji, nikamtumia mume: "Baba mkwe ametutoka, waambie wazee." Nikarudi kwenye mibuni nikijiona mtu wa kisasa.

Mume na mke wakaenda kuzika. Wazee wa Chiwanda hawakwenda hata mmoja. Habari walikuwa nayo, kijiji kizima kilikuwa nayo, lakini mshenga hakuja, kwa hiyo hawajaambiwa. Na mtu hawezi kwenda kulia msiba ambao hajaambiwa. Kule ng'ambo kaka za binti wakahesabu waombolezaji, wakamuuliza dada yao: ukweni kwako wamekufa na wao? Tangu siku hiyo hawakukanyaga kwake. Na mimi tangu siku hiyo sikukanyaga Chiwanda. Simu za Chiwanda zikiharibika nilikuwa nawaelekeza kwa fundi mwingine.

Sasa nikapanda bodaboda nikaenda. Yule binti niliyemposea nilimkuta mgahawani kwake anageuza samaki wa mbasa kwenye kikaango.

"Za saa hizi, shemeji?"

Akaniangalia toka kandambili mpaka kofia. "Kumbe uko hai. Mimi nilishaanua tanga lako."

"Nimekuja na shida kidogo."

"Mshenga haji na shida, mshenga anakuja na maneno. Kaa hapo."

Nikamweleza chuo, kabrasha, barua. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akawageukia wateja wake, mwiko mkononi. "Jamani, mnamwona huyu? Ndiye aliyetuma msiba wa baba yangu kwa meseji, katikati ya matangazo ya bando. Leo anataka nimwandikie cheti!"

"Mpe," akasema mzee mmoja bila kuinua macho kwenye ugali. "Cha kifo."

Wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Yeye hakucheka. Akakaa mbele yangu.

"Barua nitaandika. Ila siwezi kuandika kuhusu kazi ambayo haijaisha. Nenda kawaambie wakwe zangu kwamba baba yangu amefariki."

"Shemeji, lakini wanajua."

"Wanajua. Hawajaambiwa."

Nikahesabu siku zangu. Zilibaki saba. Nikauliza kama naweza kuanza na barua halafu nikamalizia hayo mengine. Akanyanyuka akaenda kugeuza samaki.

Jioni hiyohiyo, jua bado halijazama, nikaenda kwa wazee. Alikuwepo baba mkubwa wa mume, wadogo zake wawili, na shangazi yao, mama mmoja ambaye akikutazama unakumbuka dhambi za mwenzako. Nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka. Shikamoo zikapita, zikapokelewa baridi.

"Nimetumwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na wale wa ng'ambo ya mpaka. Baba wa mke wa kijana wenu ametutoka."

Nilitegemea watanizomea. Shangazi, ambaye habari hiyo alikuwa nayo miaka miwili, aliweka mikono kichwani akaangua kilio. Si cha kuigiza. Machozi yanatoka. Wanawake wa nyumba ya pili wakaacha vyombo wakaja, nao wakalia. Mimi nimekaa pale, sijui niangalie wapi, najiuliza: haya machozi yalikuwa yamekaa wapi muda wote huu?

Baba mkubwa akasubiri vilio vitulie. "Lini?"

"Ni… miaka miwili, baba."

"Umechelewa njiani."

"Nimechelewa, baba."

"Ulipitia wapi?"

"Mapera. Kuchuma kahawa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kahawa ya milimani inachelewa kuiva." Mdogo wake akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. "Haya. Sasa tumesikia. Keshokutwa tunavuka, na wewe unatangulia mbele."

Tukaondoka watu saba. Pale uhamiaji, afisa akawa anaandika karatasi zetu za kuvukia.

"Sababu ya safari?"

"Msiba."

"Marehemu amefariki lini?"

Nikamweleza. Aliandika nusu mstari, akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake aje asikie. Nikarudia tangu mwanzo, pamoja na kahawa. Wakatazamana. Kisha akagonga mihuri yote saba akasema, "Poleni sana." Nami nikasema tumeshapoa, shangazi akanifinya.

Kule ng'ambo walituacha tumesimama uani muda wa kuchemka sufuria ya maji. Kaka mkubwa wa binti akatoka, hakutoa mkono.

"Mmekuja kuzika au kufufua?"

Shangazi hakumjibu. Alimpita, akaenda mpaka mlangoni, akapiga magoti, akamlilia marehemu kama vile jeneza liko ndani. Mke wa yule kaka akavumilia, akavumilia, akashindwa, akaja akapiga magoti naye. Baada ya hapo hakuna mwanaume aliyekuwa na la kufanya ila kuleta mikeka.

Halafu kazi yangu ikaanza. Kaka mkubwa akasema yote: kaburi lilichimbwa na nani, sahani zipi zilikaa bila wageni, dada yake na mumewe walisimama wawili tu upande gani. Kila akitua, mimi narudia kwa wazee wa Chiwanda. Na wanaelewana vizuri kabisa! Wote ni Wanyasa, mpaka umewakuta hapo. Mtu pekee aliyekuwa anabahatisha maneno ni mkalimani, yaani mimi. Mara ya kwanza nikajaribu kupunguza makali, nikasema, "Anasema alisikitika kidogo." Shangazi akanifinya palepale alipofinya asubuhi.

"Sema kama alivyosema."

Nikasema kama alivyosema. Nikaona kitu ambacho mpaka leo nakifikiria. Maneno yaleyale, makali yaleyale, yakitoka kwangu wazee waliyapokea wameinamisha vichwa. Yangetoka kwake moja kwa moja, baba mkubwa angesimama. Kwa nini? Sijui. Labda kwa sababu ukiwa na hasira unanitazama mimi, na mimi ni mtu wa kuchekesha, nina kofia ya kampuni ya mbolea.

Jioni tukala ugali wa muhogo kwenye sahani za pamoja, mikono ya pande zote. Hakuna aliyesema yameisha. Kaka mkubwa alimuuliza baba mkubwa tu kama mpunga wa Chiwanda mwaka huu umekubali.

Barua niliipata siku ya nane. Imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikaisomea palepale mgahawani:

"Ninathibitisha kwamba mwombaji alipeleka posa yangu kutoka Tanzania kwenda Msumbiji na alifanya vizuri. Baadaye alifanya uzembe mkubwa, familia mbili zikaacha kusemezana. Ameurekebisha alipohitaji barua hii. Kama angekuwa hahitaji barua sijui kama angekuja."

"Shemeji," nikasema, "huu mstari wa mwisho…"

"Ni uongo?"

Nikakunja karatasi. Siku ya tisa nikapanda Mbinga, nikaiskani, nikaituma na kabrasha lote. Njiani nilifikiria mara mbili kuuondoa ule mstari, kazi ya dakika moja kwa fundi simu. Sikuuondoa. Si kwa sababu ya uaminifu, nisijisifu. Nilimwogopa shangazi.

Wakaniita usaili Songea. Watu watatu mezani. Wa kwanza akaniuliza tofauti ya dola na taifa. Nikasema sijui, lakini akinieleza sasa hivi nitafurahi. Akanieleza kweli, nikauliza maswali mawili, akaangalia saa. Wa pili, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameshika barua.

"Kwa nini umeleta barua inayokusema vibaya?"

"Sina nyingine, mwalimu."

"Hawa wazee. Walijua, lakini hawakuambiwa?"

"Ndiyo."

"Wangeweza kwenda tu."

"Wangekwenda kama nani?"

Wa tatu, mwanaume wa pembeni, akasema hapo ndipo penyewe, kuna serikali zinafanya hivihivi. Mama akasema hapana, si sawa, serikali zina njia nyingine. Wakaanza kubishana, wa kwanza naye akaingia, mimi nageuza shingo huku na huku kama natazama mpira. Nilitamani wasimalize. Mwishowe mama akanikumbuka.

"Tunakuchukua. Ila siasa huna kabisa, hata ya kuombea maji. Utaanza na somo la misingi pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Sasa nasoma kwa masafa, palepale kwenye kibanda changu cha simu, notsi ziko chini ya bisibisi. Jaribio la kwanza nilipata alama ambazo mama yangu hatakaa azijue. La pili nimepita. Kwa kusukumwa, lakini nimepita.