Siku Niliyomfungia Bibi Mektilda Kitabu Chake

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ya Tandika nisiyoisahau: siku niliyomdanganya mama mzee huku nimeshika Biblia mkononi. Nakueleza bila kuficha, maana nilichojifunza hapo najivunia kuliko hata cheti changu cha darasa la saba.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa, mitumba ikafurika sokoni, na makanisa nayo yakaongezeka. Kila uwanja ulikuwa na spika, na kila spika ilikuwa na mhubiri wake. Sisi vijana tulibishana Maandiko kama wengine walivyobishana mpira.

Mie nilikuwa binti wa Kilutheri, na nilikuwa na haya kupita kiasi. Watu watatu wakinisalimia kwa pamoja, nilishindwa kujua nimwitikie nani. Lakini nilisoma vizuri, bila kukwama, na hilo lilinipa kazi moja ya heshima: kumsomea Bibi Mektilda.

Huyu alikuwa jirani yetu, Mkatoliki kutoka Songea, mjane wa katekista. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga tu na vivuli vya watu. Kila alasiri, nikishaosha vyombo vya maandazi aliyouza mama, nilikwenda kukaa naye mkekani barazani. Biblia ya marehemu mumewe ilikaa ndani, juu ya kabati, imefungwa kwenye kanga. Mie ndiye niliyeishusha, nikasoma, nikairudisha.

Alipenda kitabu cha Tobiti kuliko vyote. Kama hukijui, ni habari za mzee mwema aliyepofuka, na mwanawe Tobia aliyesafiri mbali, akaoa msichana aitwaye Sara, kisha akarudi na dawa ya macho ya baba yake. Humo mna sala ya bwana harusi na bibi harusi. Marehemu katekista alikuwa akiitamka bila kitabu juu ya kila binti wa nyumba yake siku ya kumuaga. Sasa mjukuu wao, Fausta, alikuwa anaolewa, na kazi hiyo ilikuwa ya Bibi. Akataka nimsomee sala ile kila siku mpaka aishike yote.

Hapo ndipo nilipokosea.

Jumapili moja, kwenye kipindi cha vijana kanisani kwetu, mwenzangu mmoja alisema Wakatoliki wana vitabu saba katika Agano la Kale ambavyo sisi hatuna, na Tobiti ni kimojawapo. Nikafungua Biblia yangu, ile niliyopewa siku ya kipaimara. Kweli, hakikuwamo. Nikajiona nimekuwa nikimlisha mzee wa watu chakula kisichopimwa. Tena, niseme kweli, nikajiona mkubwa. Mtu mwenye haya akipata kitu kimoja cha kumzidi mwenzake, hukikumbatia kwa mikono miwili.

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia Bibi kwamba sikubaliani naye. Ningesema hivyo, tungebishana kidogo, tungecheka, yangekwisha. Haya zangu zikanipeleka kwenye hila. Kesho yake niliiacha Biblia yake juu ya kabati, nikakaa mkekani na ya kwangu. Yeye aliamini nimeshika ile ile.

"Haya, mjukuu wangu, nipe Tobiti," akasema.

Nikapekua kurasa kwa nguvu ili asikie.

"Bibi, hakimo."

"Hakimo nini?"

"Tobiti. Hakimo humu. Nehemia akiisha anakuja Esta."

"Tafuta vizuri. Au na wewe macho yameanza?"

"Nimetafuta, Bibi. Hakimo."

Akacheka kidogo. "Si umenisomea juzi?"

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. "Juzi tulisoma Ruthu, Bibi."

Mkono wake ukapapasa ukingo wa mkeka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Basi soma Zaburi yoyote." Nikasoma. Nilirudi nyumbani nikijiambia nimeitetea kweli.

Siku ya nne nilikutana na Fausta bombani. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Bibi amekataa kunibariki," akaniambia. "Anasema kichwa chake kimekwisha, eti anatunga vitabu visivyokuwepo, na hataki hata kututajia ni kitabu gani. Mama ameshamwambia shangazi ndiye atabariki. Na mie ya shangazi siitaki! Nimeisubiri ya Bibi tangu nikiwa mdogo."

Ndoo yangu ilijaa, ikamwagika, wenye foleni wakanipigia kelele. Mie hata sikuwasikia vizuri.

Sikwenda kwa Bibi. Nilikwenda kwa Mwinjilisti Elisha, mhubiri wa kanisa letu, mzee aliyekuwa akishona viatu kibandani kwake. Moyoni bado nilitaka mtu wa kuniambia nimefanya vema, na nani angesema hivyo kama si yeye?

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, binti. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza yote, nikangoja anisifu. Akaweka sindano chini.

"Hicho kitabu, kwetu kimo?"

"Hakimo."

"Kwake kimo?"

"Kimo."

"Sasa wewe ulimwambia nini?"

Nikainama, nikaanza kupanga viatu vilivyokuwa miguuni pake.

"Mie nimekisoma Tobiti," akasema, nami nikashtuka. "Hata wazee wetu wa mwanzo waliotengana na Roma walikitafsiri. Wakakiweka kando pamoja na wenzake, wakasema ni kizuri kusomwa, ila hatujengi mafundisho juu yake. Tumetofautiana na Wakatoliki kwa hilo tangu zamani, na mie nasimama na kanisa langu. Lakini tumetofautiana mchana kweupe, kila mtu na kitabu chake mkononi. Wewe umemwibia kipofu, halafu unakuja kwangu upewe asante. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi jitume tena. Nenda sasa hivi."

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilikwenda.

Bibi alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Nilisimama mbele yake nikayatoa yote mara moja, maana ningepumua nisingemaliza. "Bibi, Tobiti kimo. Ile ilikuwa Biblia yangu, siyo yako. Na juzi ile hatukusoma Ruthu."

Vidole vikasimama.

"Siku nne," akasema. "Siku nne nimekaa hapa najiuliza kama hata huyo mume nilikuwa naye kweli, au nilimtunga."

Nikaanza kulia.

"Usinililie kwenye mchele, utauzidishia chumvi. Kalete kitabu changu." Nilipokuwa nakwenda kabatini akaniita tena. "Wewe umekuja kuniambia mie, sawa. Wanangu wanajua nimeharibikiwa kichwa. Wao nani atawaambia?"

Nilijua jibu: ni mie, tena mbele ya watu.

Jumamosi alasiri, siku ya kumuaga Fausta, uani kulifungwa turubai na viti vikaazimwa mtaa mzima. Majirani zetu Waislamu walikuja na masinia ya pilau. Wakwe nao walifika, Walutheri kama mie, wamevaa suti kwenye joto lile. Baraka ilipokaribia, shangazi akaanza kuinuka. Nikamtangulia.

"Mie ndiye niliyemwambia Bibi kwamba Tobiti hakimo..."

"Sauti, binti!" mtu akapaza kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

Ikabidi nianze upya, safari hii kwa kelele. "Mie ndiye niliyemdanganya Bibi! Kitabu kimo! Kichwa chake ni kizima!"

Mama Fausta alinitazama, akamtazama mama yake, akafunika uso kwa kanga. Shangazi akarudi kukaa.

"Fungua sasa," Bibi akaniambia. "Weka kidole kwenye sala. Nikikosea neno, nikosoe hapa hapa mbele ya wakwe, usinionee aibu."

Akaweka mikono juu ya kichwa cha Fausta, akaanza. Hakuwa na haraka. Alimtukuza Mungu wa baba zao, akamtaja Adamu na mkewe Hawa aliyepewa awe msaada wake, akawaombea wawili hao rehema na uzee wa pamoja. Kidole changu kilimfuata mstari kwa mstari. Mwanangu, hakukosea hata neno moja! Jungu kuu halikosi ukoko.

Watu walipoitikia amina, baba mkwe akauliza, "Mama, sala nzuri hivi mbona sisi kwetu haimo? Mlikuwa mnatuficha?"

"Hatukuficha," Bibi akajibu. "Mlikuwa hamjaja kuoa."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka sokoni. Nikajivunia mzee yule kama bibi yangu wa damu. Nikamjivunia na Mwinjilisti wangu, aliyelinda kitabu cha jirani ingawa hakisomi mimbarini. Na kwa mara ya kwanza nikajivunia miguu yangu, kwamba ilisimama mbele ya watu.

Mie bado ni Mlutheri. Biblia yangu ina vitabu sitini na sita, na ukiniuliza kwa nini, nitakueleza bila kigugumizi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kwa hiyo, mwanangu, kijue cha kwenu mpaka uweze kukitetea, na usione haya. Ukitofautiana na mwenzio, mwambie usoni, kwa adabu, na kitabu chake kiwe wazi kati yenu. Kamwe usitumie udhaifu wa mtu kuipa ushindi hoja yako, na usimtie mzee mashaka juu ya akili yake ili wewe uonekane unajua. Kweli inayohitaji uongo ili isimame, hiyo umeielewa vibaya. Na ukikosa, rudi upesi, hata kama watakwambia upaze sauti.

Mungu akupe imani yenye mizizi na ulimi ulionyooka. Akupe majirani wasiofanana nawe, nawe uwapende. Na siku macho yako yatakapochoka, akuletee mtoto wa watu wa kukusomea kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa. Amina.